Cucu Aliondoka Ameshiba

Wawira, binti yangu, mama yangu mdogo,

Kabla hujasema kitu: ndiyo, nimekaa hapa mezani nakuandikia, na wewe uko hapo nje barazani unasukwa nywele. Nakusikia. Sasa hivi umecheka mpaka binamu yako amekuonya kwamba ukitikisa kichwa tena atakuacha na nusu ya nywele, uende Nairobi hivyo hivyo. Mtu mwenye akili timamu angefungua mlango, akavuta kiti, akasema alicho nacho. Lakini unanijua. Mimi na wewe tukikaa kuzungumza juu ya jambo hili, haichukui muda kabla mimi sijaanza kufundisha na wewe hujaanza kuangalia dari. Zoezi hilo tumelifanya miaka mingi na hakuna hata mmoja wetu aliyefaulu.

Halafu nakuandikia kwa Kiswahili. Usicheke. Kiembu chetu nikikiandika naanza kumsikia mama yangu, na kalamu inakwama. Kiingereza naona ni cha kuandikia serikali. Kiswahili ndicho ninachofundishia kutwa nzima, ndicho tunachosalia, basi leo kitanivumilia.

Mambo ya kesho sitayagusa. Mama yako ameshakupa maagizo yote: blanketi, kitambulisho, usilale kwenye gari, usimpe mtu begi akushikie. Akikumbuka jingine usiku atakuamsha, wala usimkasirikie. Mimi nataka kukuandikia juu ya siku ya mwisho ya cucu yako, bibi aliyenizaa, kwa sababu juzi, mlipokuwa mnachuma kahawa, ulimwambia mama yako neno ambalo limeninyima raha tangu hapo.

Mama yako alinifuata zizini nikikamua. Alisimama tu, mikono bado imejaa utomvu wa kahawa, akasema, "Baba Wawira, unajua kwa nini huyu mtoto hapokei Komunyo?"

Nikamjibu kwa mzaha wangu wa siku zote. "Kiburi. Amesoma vitabu vingi."

"Anasema alikula chakula cha cucu. Anasema cucu alienda safari na njaa kwa sababu yake."

Nilibaki pale kwenye kigoda, mikono imeganda, mpaka ng'ombe wetu Causa akachoka kunisubiri akapiga ndoo teke. Maziwa yote chini. Mama yako hakunigombeza, na hapo nikajua kwamba mambo ni mazito.

Miaka yote hiyo, Wawira! Siku ya Komunyo ya kwanza ulivaa gauni jeupe, ukapanga mstari na wenzako, na zamu yako ilipokaribia ukageuka ukarudi kuketi. Tukawaambia watu una homa. Baadaye ukaingia kwaya, unaimba mpaka vioo vinatetema, na watu wakienda mbele kupokea wewe unabaki kwenye benchi na kitabu chako cha nyimbo. Nami nikakuhubiria. Nilikutajia mababa wa Kanisa mmoja mmoja. Nilikueleza tofauti ya substantia na accidentia, kiini cha kitu na sura yake ya nje, wewe ukiwa darasa la sita, umeshika kikombe cha chai kinapoa. Ee Mungu wangu. Wewe hukuwa na shida na substantia. Ulikuwa na cucu yako yuko barabarani na tumbo tupu, na hakuna aliyekuwa akikuuliza juu yake.

Ngoja nikueleze vizuri. Lakini ili unielewe nilivyofanya siku ile, lazima kwanza nikurudishe seminari, maana mwanamume uliyemwona siku ile alikuwa bado hajatoka huko, ingawa alikuwa na mke, mtoto na ng'ombe.

Unajua kwamba nilitaka kuwa padri. Unajua pia kwamba nilirudi nyumbani kumzika baba yangu, nikaona mama amebaki peke yake na shamba, na sikurudi tena. Ambacho sijawahi kukuambia ni jinsi nilivyopenda kule. Watu hufikiri seminari ni sala na maharagwe. Mimi nilikuwa na njaa ya maneno. Nilipokuwa mdogo kabisa, Misa ilikuwa bado ya Kilatini, na mama yangu, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa, aliitikia yote. Alisimama pale na leso yake kichwani akamjibu padri neno kwa neno, sauti yake ikipanda na kushuka pamoja na za wanawake wote wa kijiji chetu cha Kanja, na hakuna aliyejua maana. Halafu siku moja ikaja Misa ya Kiswahili, na baadaye ya lugha zetu, na yale maneno yakanyamaza. Nikakua nikijiuliza walikuwa wakisema nini.

Basi nikafika seminari, na mwalimu wetu wa falsafa akaandika ubaoni neno moja tu: persona. Akatuambia kwamba hapo zamani kule Roma persona lilikuwa barakoa ya mchezaji wa maigizo. Wakristo walipokuwa wakitafuta namna ya kusema kwamba Mungu ni mmoja na bado ni Baba na Mwana na Roho, hawakuwa na neno. Fikiria jambo hilo. Wana kitu kikubwa kuliko vyote mbele yao na hawana neno la kukiitia. Wakaokota ile barakoa, wakaipangusa, wakaiingiza kanisani. Watu waligombana, maaskofu walifukuzwa miji yao, mabaraza yakaitishwa, yote kwa sababu ya kutafuta neno ambalo halitavunjika likibebeshwa mzigo ule. Sisi tukaja kupokea kwa Kiswahili, "nafsi tatu," tukiwa tumekaa kwenye mabenchi na miguu haifiki chini.

Nilitoka darasani nikasimama kwenye ua. Kirinyaga, mlima wetu, ilikuwa imefunuka yote, na kwa mara ya kwanza sikuiona kuwa kitu kikubwa zaidi ninachokijua.

Akatuletea mengine. Sacramentum, jina ambalo askari wa Kirumi alikipa kiapo chake. Substantia, kile kinachosimama chini ya kitu na kukishikilia kiwe kilivyo. Na siku moja akaandika viaticum. Hilo lilikuwa neno la wasafiri. Mrumi akitumwa mbali alipewa viaticum: chakula, nauli, nguo za njiani. Wakristo wakalichukua wakawapa wanaokufa. Komunyo ya mwisho, ile anayopewa mtu anayeondoka duniani, wakaiita viaticum, chakula cha njiani.

Nikaanza kucheka peke yangu darasani, mwalimu akaniuliza kuna nini. Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu. Hakuna mtu aliyewahi kutoka katika boma lile mikono mitupu. Hata mtu aliyekuja kudai kitu alirudi na nduma. Nilipoondoka kwenda seminari alinifungia nduma na viazi vitamu kwenye majani ya mgomba, na wenzangu wa mjini walinicheka nilipofungua. Nikaona aibu, nikazila chooni. Ndiyo, chooni, mwanangu, cheka tu. Na sasa mtu mwenye shahada za Roma alikuwa akiniandikia ubaoni, kwa herufi kubwa, kwamba Kanisa zima lilifanya alichofanya mama yangu.

Hayo ndiyo niliyorudi nayo Kanja. Sikurudi na upadri lakini nilirudi na maneno, na nilijivuna nayo kupita kiasi. Nilimwita ng'ombe wangu wa kwanza Gratia, yaani neema. Alipozaa ndama jike nikamwita Causa, yaani sababu, na yule dume, unakumbuka, alikuwa Ergo, yaani kwa hiyo. Jirani zetu walidhani ni mbegu ya kizungu, mmoja akaja kuniomba Ergo ampandie ng'ombe wake kwa sababu ya jina. Mikutanoni nilichomeka Kilatini mpaka chifu akaniambia niketi. Nilidhani kwamba kulijua jina la kitu ni kukijua kitu. Nimechelewa sana kutofautisha mambo hayo mawili, na wewe unayekwenda kusoma falsafa utakutana na kishawishi hicho hicho, tena wiki ya kwanza.

Halafu ukazaliwa wewe, binti wa kwanza, ukapewa jina la mama yangu kama ilivyo desturi. Kwa hiyo nikawa na Wawira wawili katika boma moja, na yule mkubwa hakuwahi kukuita kwa jina. Alikuita "mimi." Asubuhi anauliza kutoka jikoni kwake, "Mimi ameamka?" Ukianguka: "Mimi ameumia, njooni!" Mama yako alikuwa akicheka. Mimi nilikuwa nikisimama na ndoo mkononi nikiwasikiliza, nikifikiria vile vitabu vinene, nafsi na asili, nani ni nani na nani ni mmoja na nani. Nilifanya mtihani juu ya mambo hayo. Nyinyi mlikuwa mkiyatumia kuitana kula.

Na kula ndiko kunakohusika hapa. Unaijua desturi. Mzee hamalizi sahani. Cucu alikula kwenye ile sahani yake ya bati, na wewe ulikaa mkekani karibu na miguu yake ukisubiri. Kilichobaki kilikuwa chako. Hata kama kulikuwa na sufuria nzima jikoni, hukukitaka cha sufuria. Ulitaka kile cha sahani. Naye, hata alipokuwa na njaa kweli, alifika mahali akasimamisha mkono, akakusogezea. Nilimwona siku za ukame akikusogezea vijiko viwili vya githeri huku akisema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Nilijua, na nadhani hata wewe ulijua.

Sasa ile siku.

Alikuwa mgonjwa muda mrefu, koo limefunga. Uji ulipita kwa shida, kijiko baada ya kijiko. Padri alikuja kwa pikipiki, yule mzee Mwitaliano, tope mpaka magotini, amebeba Ekaristi katika kile kikebe kidogo cha shingoni. Tukapiga magoti pale kwenye nyumba ya cucu, mimi, mama yako, jirani wawili watatu. Wewe ulikuwa mahali pako, mkekani kwenye miguu ya kitanda. Hakuna aliyekuambia uondoke, maana hakuna aliyekuona. Ulikuwa sehemu ya chumba kama mafiga.

Padri akampaka mafuta. Akasali. Halafu akatoa hostia, ule mkate mwembamba wa Komunyo, na cucu akanyoosha kiganja, maana kinywa kilikuwa hakifunguki vizuri. Padri akaiweka pale kiganjani. Sote tukainamisha vichwa tukafunga macho. Nilikuwa nikilisema lile neno moyoni, viaticum, viaticum, nikijiona nimesimama mahali ambapo Roma na Kanja zinakutana, na machozi yananitoka kwa sababu ya utukufu wa jambo lile. Nilikuwa nimejaa sana Kilatini hata sikusikia hostia ikivunjwa.

Nilipofungua macho, taya lako lilikuwa linatafuna.

Wawira, nilipiga kelele. "Sacrilegium!" Kwa Kilatini, mbele ya mtoto wa miaka saba. Kukufuru kitu kitakatifu, ndiyo maana yake, kama hukuwahi kulitafuta. Mama yako aliniambia umelibeba neno hilo miaka yote, na kwamba uliwahi kumwuliza mwalimu wa dini akakwambia ni dhambi kubwa kabisa. Nilikurukia nikakutia vidole mdomoni. Ulikuwa umeshameza. Ukanitazama kwa macho ambayo sitaki kuyakumbuka, ukakimbia nje.

Hapo ndipo wewe ulipoacha kuiona siku hiyo. Na mimi, mjinga mkubwa, nilidhani uliijua hadi mwisho wake kama tulivyoijua sisi. Kwa hiyo naomba uisikilize sasa.

Cucu aliniangalia. Unajua alivyokuwa akiangalia mtu aliyemkanyagia mche. Akaniambia kwa sauti ile iliyobaki, "Mtoto ameketi hapo ananitazama, na wewe unataka nimalize peke yangu?"

Nikamgeukia padri. Nilitaka akasirike, anisaidie. Yeye alikuwa bado amepiga magoti, kikebe wazi mkononi, na machozi yanamdondoka kwenye ndevu. Akaniuliza polepole, kwa Kiswahili chake kile kizuri, "Mwalimu, wewe umesoma. Nusu ya hii ni nusu ya nini?"

Nililijua jibu! Ndiyo kitu kinachonichoma. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani nikapongezwa mbele ya darasa. Totus in toto, et totus in qualibet parte. Mzima katika kitu kizima, na mzima katika kila kipande. Wanafalsafa walilisema kwanza juu ya roho, kwamba roho haigawanyiki mwilini kama maji kwenye vikombe, iko yote kidoleni na iko yote moyoni. Wanateolojia wakalisema juu ya Ekaristi: vunja mara unavyotaka, hakuna anayepewa nusu ya Mungu. Nilikuwa nalo kichwani kwa miaka, limekaa kama koti ambalo mtu hulitundika na halivai. Mama yangu akalivaa mbele yangu bila kujua kama lina jina. Alichokuwa akijua ni kwamba mtoto yuko mkekani.

Hakukugawia nusu yake, mwanangu. Hiyo nusu haipo. Alikula chote, na wewe ukala chote.

Lakini najua hutaki falsafa yangu. Unataka kujua kama alikuwa na njaa. Basi sikiliza. Baada ya padri kumaliza sala, mama yako alimletea uji. Cucu akausogeza kwa mkono, akasema, "Nimeshiba." Tulitazamana. Kwa majuma mengi alikuwa akisema "nimechoka" au "koo linauma." Mama yako akamuuliza, "Umesemaje, mama?" Akarudia, "Nimeshiba. Mpeleke mimi alale." Wewe ndiye mimi aliyekuwa akimsema. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kutoka kwake. Alfajiri alikuwa ameenda.

Nilikuwapo. Si maneno ya vitabu haya, niliyasikia kwa masikio yangu, na mama yako pia, muulize. Cucu aliondoka ameshiba.

Sasa limebaki jambo moja, na hili ndilo gumu kuliko yote kuandika.

Kabla hujalala jioni ile nilikufuata zizini. Ulikuwa umejificha nyuma ya Gratia, umejikunja kwenye nyasi. Nilikuja na bakuli la maji na kitambaa cheupe. Sikukuambia kitu. Nilipiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe, nikachukua mkono wako, nikakuosha vidole, kimoja kimoja, juu ya bakuli. Mikono yangu ilitetemeka mpaka maji yakamwagika. Halafu nikakupangusa, nikaondoka.

Mama yako anasema ulimwambia kuwa baba alikuosha ile dhambi, na kwamba haikutoka kwa sababu hakusema imetoka.

Mwanangu. Kanisani, padri akishagusa Ekaristi huoshwa vidole, na vyombo vya altare huoshwa, na maji yale hayamwagwi mahali popote, humwagwa kwenye udongo safi, kwa sababu huenda chembe imebaki. Hayo ndiyo niliyokuwa nikifanya. Wewe ulidhani nakuosha uchafu. Nilikuwa nikikuosha jinsi mtu anavyoosha kalisi, kikombe cha altare. Mkono wako mdogo ulikuwa umeshika kile ambacho mimi niliacha seminari bila kuruhusiwa kukishika, na niliogopa, Wawira, niliogopa ule mkono. Kutetemeka kwangu ulikuona ukadhani ni hasira. Hasira ilikuwa imekwisha mle ndani, padri aliponiuliza swali lake. Kilichobaki kilikuwa mshangao mtupu, na sikuwa na neno la kumwambia mtoto. Mimi, mwenye maneno yote yale!

Maji nilimwaga kwenye shina la ule mgomba wa nyuma ya jikoni. Halafu nikaona mkungu umekomaa pale juu, nikaingiwa na hofu mpya, nikamkataza kila mtu kuugusa. Mama yako alidhani nimerukwa na akili kwa msiba. Ndizi ziliiva, zikapasuka, ndege wakaja. Waombolezaji wamejaa nyumbani, hatuna cha kutosha kuwalisha, na pale nyuma mkungu mzima unaozea mtini kwa sababu ya Kilatini changu. Padri alipokuja kuzika akauona, akauliza. Nikamweleza kwa kunong'ona. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akakata ndizi moja, akaimenya, akala pale pale akinitazama. "Mwalimu," akasema, "ndege wamekutangulia." Siku ile watu walikula ndizi zile zote zilizosalia, na nasikia zilikuwa tamu sana. Wewe hukuzionja. Tulikuwa tumekupeleka Meru kwa shangazi yako, karibu na soko la Gakoromone, ili usione mazishi. Uliporudi ulikuwa na viatu vipya na meno mawili yameng'oka, unacheza, nikasema asante Mungu, mtoto amesahau. Mtoto hasahau. Mtoto hunyamaza tu, na mzazi hupenda kuamini kwamba ni kitu kimoja.

Kesho unakwenda kusoma falsafa. Jirani wameniuliza hiyo ni kazi gani, na nimewajibu kwamba sijui, na ni kweli. Mama yako alitaka uuguzi. Nadhani nimejua sasa kwa nini umechagua hivyo: una swali ambalo hakuna aliyekujibu, ukaona heri uende ukalitafute mwenyewe. Huko utakutana na yale maneno yangu yote ya zamani yakiwa yamepangwa kwenye rafu. Watakwambia substantia, essentia, a priori, na baadhi ya watu watayatamka kwa namna ya kukufanya ujione mdogo. Usiyaogope. Usiyapuuze pia, tafadhali, kwa sababu ya kunikasirikia mimi. Kila neno katika hayo lilianza kwa mtu aliyesimama mbele ya kitu kikubwa kuliko kinywa chake. Alitafuta, akaokota barakoa, kiapo, chakula cha njiani, chochote kilichokuwa karibu, akasema: hiki kitatosha kwa sasa. Ukilipata neno hivyo, likiwa bado na jasho la yule aliyeliokota, litakusaidia. Ukilipata kama mimi, limesafishwa tayari kwa mtihani, litakaa tu kichwani likikuvimbisha.

Na siku utakapoona kitu mbele yako, kitu chenyewe, kinafanyika chumbani mbele ya macho yako, nyamaza kwanza. Kelele yangu ya siku ile ndiyo mafunzo yote ninayoweza kukupa juu ya hilo.

Sikuandikii haya ili Jumapili uende mbele. Hilo ni lako, na nimekusumbua nalo vya kutosha. Ukienda, nenda. Ukibaki kwenye benchi, imba. Ninachotaka ni kwamba usipande gari kesho ukiwa bado unamwona cucu anatembea na njaa mahali fulani. Futa picha hiyo. Muone alivyoniangalia, akinigombeza kwa sababu yako, akiwa na Mungu mzima kinywani.

Nikimaliza nitampa mama yako barua hii akupe kabla ya chakula cha jioni. Mimi nitakuwa zizini. Usinifuate huko tulie mbele ya ng'ombe, Causa ana hasira siku hizi.

Nina ombi moja, Wawira, mama. Kesho asubuhi utapikiwa mukimo. Utasema huna njaa, maana wewe siku za safari huwa huli, na mama yako atakupakulia mlima. Kula vizuri. Lakini usimalize. Nibakizie kidogo kwenye sahani, hapo hapo mezani, usiiondoe. Nitakubebea sanduku mpaka barabarani, nitasimama na wewe mpaka gari la Embu lije, nitapunga mkono mpaka lipotee nyuma ya kiwanda cha kahawa. Halafu nitarudi nyumbani, nikae kwenye kiti chako, nile.

Baba yako